Kabla ya kununua X-Trail, sikiliza giaboksi

Kila baada ya mavuno ya masika, fedha za mahindi zinapoanza kuingia mikononi mwa wafanyabiashara wa Handeni na Korogwe, soko la magari yaliyotumika nalo huchangamka. Mfanyabiashara wa Mazingara ambaye kwa miaka kadhaa amesafiri kwa pikipiki na kupakia mzigo wake kwenye Fuso la mtu mwingine, sasa hutaka gari lake mwenyewe. Analitaka liwe la juu, lipite njia za vumbi, libebe mke na watoto, na limfikishe Dar es Salaam bila kumchosha. Katika orodha anayotajiwa na madalali, Nissan X-Trail haikosekani, na mara nyingi bei yake huwa chini kuliko ya Toyota ya ukubwa na umri ule ule.

Unafuu huo una sababu. Wauzaji wanaijua, mafundi wanaijua, na anayechelewa kuijua ni mnunuzi ambaye ametoa fedha hizo katika mtaji wa kununulia mahindi ya msimu ujao. Sababu yenyewe ni giaboksi.

X-Trail ya kwanza, inayojulikana kwa namba ya T30, ilitoka mwaka 2000. Ilifuatiwa na T31 mwaka 2007, T32 mwaka 2013 na T33 mwaka 2022. T30 ya otomatiki ilikuja na giaboksi ya kawaida ya gia nne. Kuanzia T31, magari ya petroli ya otomatiki yamekuwa na giaboksi ya aina ya CVT. T31 ndiyo inayozungumzwa hapa zaidi, kwa kuwa ndiyo ambayo mtu mwenye fungu la kati huweza kuifikia, na kwa kuwa ina mvuto wake. Viti vya matoleo mengi haviingizi maji kwa urahisi, jambo ambalo mwenye watoto wadogo ataliona faida yake ndani ya wiki ya kwanza. Sehemu ya mizigo ina sakafu yenye droo chini yake. Kishikio cha kikombe hupozwa na hewa ya kiyoyozi. Umbali wa tumbo la gari kutoka ardhini ni takriban sentimita 20, na kuna kitufe cha kuchagua magurudumu mawili, manne yanayojiendesha yenyewe, au manne yaliyofungwa pamoja.

Giaboksi ya CVT haina gia za meno za kupanda na kushuka kama zile tulizozizoea. Ndani yake kuna ukanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili. Puli hizo hutanuka na kubana kwa nguvu ya mafuta, na hivyo kubadilisha mwendo bila gari kushtuka. Ndiyo maana X-Trail hupendeza sana kuendesha ikiwa nzima: haikatiki, haivuti nyuma, na kwenye lami ya Chalinze hadi Segera hunywa petroli kwa kiasi. Lakini utaratibu wote huo unategemea mafuta yenye sifa maalumu, yenye kiwango sahihi na yasiyochemka. Mafuta yakichoka, ukanda huanza kuteleza juu ya puli. Chuma kikisuguana na chuma hutoa unga, unga huziba njia ndogo za mafuta, na mwisho wake gari hutetemeka, hulia kama mbu mkubwa, kisha hukataa kuondoka.

Tatizo hili si uvumi wa vijiweni. Nchini Marekani, Nissan ilirefusha dhamana ya giaboksi za CVT za magari yake ya miaka ya 2003 hadi 2010, likiwamo Rogue ambalo ni ndugu wa T31, hadi kufikia miaka 10 au maili 120,000, yaani karibu kilomita 193,000. Kiwanda hakiongezi dhamana ya namna hiyo kwa ukarimu. Mnunuzi wa Handeni, kwa bahati mbaya, hana sehemu katika dhamana hiyo. Dhamana yake ni masikio yake na fundi wake.

Na huyo fundi mara nyingine ndiye chanzo cha hasara. Gereji nyingi za miji yetu midogo zimezoea mafuta ya ATF ya giaboksi za kawaida za otomatiki, na zikiona mafuta ya X-Trail yamepungua huongeza hayo hayo. T31 hutumia mafuta ya Nissan yenye jina la NS-2, na T32 hutumia NS-3. Kuchanganya ATF humo ni kuua giaboksi taratibu huku gari likiendelea kutembea kwa wiki au miezi, kiasi kwamba mwenye gari hatajua ni siku gani alimwagiwa sumu. Mmiliki anunue mafuta hayo mwenyewe, katika duka analoliamini, na asimame pale yanapowekwa. Mafundi wengi wenye uzoefu wa CVT hushauri yabadilishwe kati ya kilomita 40,000 na 60,000, na kwa mazingira ya vumbi, joto na milima ni busara kukaa karibu na ile namba ndogo.

Jambo la pili ni joto. Mafuta ya giaboksi hii hupozwa kwa msaada wa maji ya rejeta. Aliyezoea kujaza rejeta maji ya bombani badala ya kulenti anaharibu vitu viwili kwa pamoja, injini na giaboksi. Joto likizidi, kompyuta ya gari hupunguza nguvu yenyewe ili kuiokoa giaboksi. Dereva ataona anakanyaga mafuta na gari haliitikii, na wengi hudhani ni petroli mbaya au plagi.

Ndiyo maana majaribio ya gari kuzunguka mtaa, au kwenda na kurudi kwenye lami tambarare, hayamsaidii mnunuzi wa X-Trail. Wakazi wa upande wa Korogwe wana bahati ya kuwa na kipimo cha bure, nacho ni mlima kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto. Gari liwashwe likiwa bado la baridi, litembezwe hadi lipate moto, kisha lipandishwe mlima huo likiwa na watu wanne. Mnunuzi azime redio na asikilize. Je, linatetemeka linapoanza kuondoka? Je, mshale wa mizunguko ya injini unapanda huku mwendo haupandi? Je, kuna mlio mwembamba unaobadilika na mwendo? Likirudi Mombo, liachwe linanguruma kidogo, kisha lirudishwe nyuma kwenye kamwinuko. Giaboksi iliyochoka mara nyingi hujificha asubuhi na kujitaja mchana. Muuzaji asiyekubali safari hiyo amekwisha kujibu swali.

Jambo la tatu linawahusu wafanyabiashara zaidi kuliko mtu mwingine yeyote: mzigo. Hati za magari nchini Japani huhesabu kilo 55 kwa kila abiria, kwa hiyo gari la watu watano limekadiriwa kubeba kilo 275 juu ya uzito wake lenyewe. Magunia matatu ya mahindi ya kilo 100 ni kilo 300, na hapo dereva hajapanda. Kwa lumbesa, hata hesabu ya magunia haina maana tena. Anayelaza viti vya nyuma na kujaza mahindi kutoka vijijini hadi soko la Handeni kila juma ananunua gari la familia na kulifanyia kazi ya pikapu, na CVT ndiyo itakayolipa tofauti hiyo. Kama lengo ni mzigo, ni afadhali kununua pikapu kuukuu na kuendelea kupanda basi na familia.

Kasoro nyingine za T31 ni za kawaida na hazitishi mtaji. Bushi za mbele na viungo vya stabilaiza huchakaa upesi kwenye barabara za makorongo, na shokomzoba za nyuma huvuja. Toleo lenye kioo cha juu liangaliwe kama vibomba vya kutoa maji havijaziba, kwa sababu vikiziba mvua ya masika huingia ndani hadi kwenye zulia na nyaya. Mfumo wa magurudumu manne unataka matairi manne ya aina moja yenye uchakavu unaolingana. Kuweka mawili mapya mbele na kuacha mazee nyuma hulazimisha mfumo kufanya kazi wakati wote. Gari likikwama, lisivutwe magurudumu yakiwa chini kwa safari ndefu. Libebwe. Redio ya Kijapani nayo huishia karibu na masafa ya 90 hadi 95, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hivyo tenga fedha kidogo za kifaa cha kuongeza masafa au redio nyingine.

Je, Toyota haina lake? Vanguard na RAV4 za wakati huo zenye injini ya 2AZ ya lita 2.4 zina historia ya kula oili, kiasi kwamba Toyota nchini Marekani iliweka mpango maalumu wa kuzitengeneza RAV4 za 2006 hadi 2008. Matoleo hayo kwa soko la Japani nayo yana CVT, ingawa sifa yake sokoni ni nzuri kuliko ya Nissan. Tofauti kubwa iko kwenye kuuza. Toyota hupata mnunuzi haraka, na spea zake zimejaa Kariakoo na Gerezani. X-Trail huweza kukaa kwa dalali muda mrefu huku bei ikishuka. Kwa mwekezaji mdogo ambaye huenda akahitaji kuligeuza gari kuwa fedha msimu ukiharibika, tofauti hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kununua.

Kwa anayeagiza mwenyewe kutoka Japani, kodi nayo ina ushawishi wake. Kwa viwango ambavyo vimetumika kwa miaka mingi, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi cc 2000, na asilimia 10 kwa injini inayozidi hapo. Ada ya uchakavu ni asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. VAT ni asilimia 18. Tuchukue gari la cc 2000 ambalo thamani yake hadi bandarini, kwa makadirio ya TRA, ni shilingi milioni 10. Likiwa limezidi miaka 10, kodi hizo nne ni shilingi 9,912,500. Likiwa kati ya miaka 8 na 10, ni shilingi 7,700,000. Pengo ni zaidi ya milioni 2.2, kabla ya tozo nyingine ndogo na gharama za bandari. T31 karibu zote sasa zimevuka miaka 10. Mnunuzi alinganishe jumla, si bei ya Japani peke yake, na akumbuke kuwa TRA hutumia makadirio yake yenyewe hata kama risiti inasema vingine.

Anayenunua lililokwisha ingia nchini asidanganywe na herufi za namba. Namba E humwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haimwambii lilitengenezwa lini. Kinachosema zaidi ni karatasi ya mnada ya Japani, ambako herufi R au RA humaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Cheti cha kusafirishia nje mara nyingi huonyesha kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi wa huko. Zikiwa nyingi kuliko zile za kwenye dashibodi, hakuna cha kujadili.

Bima, hata ile kubwa, hailipi giaboksi iliyochakaa. Hulipa ajali, moto na wizi. Kwa hiyo mnunuzi wa X-Trail anayefuata hesabu hatumii fedha zote kwenye gari. Hubakiza fungu linalotosha giaboksi ya mtumba na ufundi wake, kwa bei aliyokwisha kuiuliza Gerezani kabla ya kukutana na muuzaji. Bei hiyo hiyo humsaidia kwenye mapatano: likitetemeka mlimani, aitoe yote kwenye bei inayotajwa, au aondoke.

Wakielewana, aombe kadi halisi, si nakala. Kadi iliyo benki maana yake gari bado ni dhamana ya mkopo wa mtu mwingine. Faini za barabarani nazo ziangaliwe kwa namba ya gari kabla ya fedha kubadilisha mikono.