Taya la miaka milioni 70 linauzwa kwenye simu yako? Likague hivi kwanza

Ukinunua ndizi pale soko la Keumbu, huishii kutazama rangi. Unaibonyeza, unaangalia kikonyo, unainusa. Unajua kuna ndizi iliyoivishwa haraka haraka, nje njano, ndani ngumu kama kuni. Sasa mbona ukikutana mtandaoni na tangazo la "taya halisi la mnyama wa bahari ya kale", unataka kutuma pesa kabla hujauliza hata swali moja?

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, ni biashara kubwa duniani. Na palipo na biashara kubwa, matapeli hawako mbali. Hii hapa namna ya kuwakwepa.

Meno ya kweli, mnyama wa uongo

Mnyama anayetangazwa sana huitwa mosasauri. Sio dinosaria, hata kama muuzaji anamwita hivyo. Alikuwa mtambaazi wa baharini, wa ukoo wa mijusi, kenge na nyoka, na alitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Meno yake mengi yaliyo sokoni hutoka Moroko, kwenye migodi ya fosfeti karibu na miji ya Khouribga na Oued Zem.

Jino moja halisi ni rahisi kupatikana, kwa hivyo bei yake si kubwa. Taya zima ndilo adimu, na hapo ndipo ujanja huanzia. Fundi anachukua meno halisi, pengine ya wanyama tofauti, anayapanga juu ya kipande cha mfupa wowote, kisha anaziba mapengo kwa gundi iliyochanganywa na mchanga wa mgodini. Kila kitu hapo ni cha kweli isipokuwa mnyama mwenyewe.

Usidhani wanaohangaika ni wanunuzi wa mitandaoni pekee. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza aina mpya ya mosasauri, Xenodens calminechari, kutokana na kipande cha taya kutoka Moroko. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitilia shaka kipande hicho. Waliona meno mawili yamekaa kwenye tundu moja, ilhali kwa mosasauri kila jino huwa na tundu lake. Wakataka taya hilo lipigwe picha kwa mashine ya CT, ione ndani bila kulivunja.

Swali la kwanza: limetoka wapi?

Kabla ya kuangalia mfupa, uliza ulikotoka. Nchi haitoshi. Uliza mgodi gani, tabaka gani la mwamba, nani aliutoa na lini.

Swali hili linaweza kukuokoa hata hapa nyumbani. Mawe ya Tabaka yanayochongwa vinyago, na miamba mingi ya Kisii, yana zaidi ya miaka bilioni moja, na sehemu kubwa ilitokana na volkeno. Wakati huo hakukuwa na mnyama hata mmoja mwenye mifupa duniani. Jamaa akikwambia amechimbua taya la mosasauri kwenye mwamba wa kilima cha Keumbu, mshukuru kwa hadithi, uende zako.

Teremka sasa hadi Homa Bay uone swali hili lina uzito gani. Mwaka 1932 Juma Gitau, aliyefanya kazi na Louis Leakey, alipata kipande cha taya la binadamu pale Kanam, karibu na Ziwa Victoria. Leakey alisema ni la kale mno. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikuja kutoka Uingereza aonyeshwe mahali penyewe. Kumbe vyuma vilivyowekwa kama alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha iliyotolewa kama ya Kanam ilikuwa ya mahali pengine. Taya lilikuwa la kweli, hakuna aliyeghushi, lakini umri wake ulibaki na maswali. Kisukuku kisicho na anwani hupoteza nusu ya maneno yake.

Mambo ya kutazama

Mwambie muuzaji atume video yenye mwanga mzuri, ikionyesha mbele, nyuma na chini. Kisha tazama haya:

Mizizi. Jino la kweli la mosasauri hukaa juu ya mzizi mnene wa mfupa. Jino lililochomekwa mchangani bila mzizi limewekwa na mtu.

Mpangilio. Meno yaliyonyooka kama ya kitana, yote ya ukubwa mmoja, ni ya kutiliwa shaka. Kinywa cha mnyama huwa na meno yaliyokatika na mengine yanayoota.

Nyufa. Ufa wa asili mara nyingi hupita kwenye mfupa na kuendelea kwenye jiwe linaloushika. Ufa unaokatikia mpakani kila mara unaonyesha kwamba mawili hayo yalikutanishwa.

Viputo. Mfupa una vitundu vya asili visivyolingana. Plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu huacha viputo vidogo vya mviringo.

Mwanga. Kama umekishika mkononi, kimulike kwa taa ile ya kukagua noti bandia. Gundi na plasta mara nyingi hung'aa tofauti na mfupa.

Kukarabati sio dhambi, kuficha ndiyo

Hapa wengi hukosea. Wanaona gundi, wanapiga kelele "feki!" Lakini karibu kila kisukuku kikubwa hutoka ardhini vipande vipande, na lazima kiunganishwe. Fundi mzuri hutumia gundi inayoweza kuyeyushwa baadaye, huacha sehemu aliyojaza ionekane kwa rangi tofauti kidogo, na huandika alichoongeza. Fundi mbaya hukwaruza mfupa kwa mashine, huusugua hadi ung'ae kama kinyago, kisha hupaka rangi juu ya makosa yake.

Mwaka 1834 Makumbusho ya Uingereza yalinunua mkusanyiko wa Thomas Hawkins, ukiwemo mtambaazi wa baharini aitwaye ikthiosauri. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya viungo vilikuwa plasta iliyopakwa rangi ya mfupa. Mifupa mingine ilikuwa halisi kabisa, lakini ikazua kashfa, kwa sababu mnunuzi hakuambiwa.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 1823 Mary Anning, binti maskini wa Lyme Regis huko Uingereza aliyeishi kwa kuuza visukuku, alichimbua plesiosauri mwenye shingo ndefu ajabu. Georges Cuvier, bingwa wa Ufaransa, alishuku kwamba vichwa na miili vimeunganishwa. Mifupa ilipochunguzwa, ikabainika Mary alikuwa sahihi, na Cuvier akakubali. Kwa hivyo usikatae kitu kwa sababu tu kinashangaza. Kikague.

Ukikiokota mwenyewe

Huenda siku moja ukatembelea Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, ukaona mfupa umechomoza. Usiung'oe. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu, kisha toa ripoti kwa Makavazi ya Kitaifa. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006, vitu vya aina hiyo vilivyo ardhini ni mali ya serikali, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali.

Na kama mikono yako ni mizuri kwa nyundo na patasi, kusafisha visukuku ni kazi ya watu. Makavazi huhitaji mafundi wenye subira, wanaoweza kutenga mfupa na jiwe punje kwa punje.

Kwa hilo tangazo la kwenye simu, mwandikie muuzaji maswali mawili tu: limetoka wapi hasa, na ni sehemu gani zimeongezwa? Mkweli atakujibu kwa urefu. Akianza kukuharakisha ati kuna mteja mwingine anasubiri, mwachie huyo mteja.