Utandawazi katika Riwaya ya Kiswahili: Adui Asiye na Sura

Katika madarasa yetu husemwa mara nyingi kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kauli hii inatosheleza tunaposoma riwaya za miaka ya 1970. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi, msomaji anamjua mnyonyaji kwa jina na anamwona akihudumiwa na Kijakazi. Katika Kuli (1979) ya mwandishi huyohuyo, wachukuzi wa bandarini Unguja wanagoma wakijua fika wanamdai nani. Uhalisia uliweza kuwaweka mdhulumu na mdhulumiwa mahali pamoja, wakazungumza, wakagombana.

Utandawazi umeivuruga njia hiyo. Tuchukue mfano wa karibu nasi, mkulima wa kahawa wa Masaka. Bei ya robusta yake hufuata soko la London. Ikishuka, ada ya watoto inakosekana, lakini hana mlango wa kubisha wala bwana wa kumgomea. Hata mnunuzi anayefika kijijini analalamikia bei ileile. Je, mwandishi wa kihalisia amchore nani?

Nionavyo mimi, swali hili ndilo lililosukuma mabadiliko ya fani mwanzoni mwa karne hii. Katika Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila, msimulizi anazunguka dunia akiongozwa na Hanna, huku akimtafuta P.P., anayesemekana kuhusika na maafa mengi. Herufi hizo zinatuelekeza kwa Peter Pan, mtoto wa hadithi za Kiingereza anayekataa kukua. Wengine huliona jambo hili kuwa mzaha wa mwandishi. Mimi naliona ni hukumu: nguvu inayomgusa kila mtu bila kuwajibika kwa yeyote inafanana kweli na mtoto aliyepewa mamlaka. Safari yenyewe, yenye vipande vya visasili na ngano, ndiyo inayompa sura adui huyo.

Said Ahmed Mohamed, aliyepata pia kufundisha Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani, alipita njia nyingine. Katika Babu Alipofufuka (2001), mzuka wa babu unamjia K, mtu mwenye cheo na mali, na kumtembeza aione hali ya nchi. Hapa lawama haiishii ng'ambo. K ni mtu wa papa hapa, naye anafaidi. (Jina la herufi moja tu! Msomaji wa Kafka atatabasamu.)

Wanafunzi wetu, ambao wengi wamejifunza Kiswahili darasani, hulalamika kwamba riwaya hizi ni ngumu. Nasi walimu, kwa kuwahurumia, huwapa orodha ya dhamira: umaskini, ufisadi, ukoloni mamboleo. Orodha hiyo ingeweza kutolewa gazetini bila kuifungua riwaya. Ugumu wa fani ni sehemu ya maudhui, kwa kuwa msomaji anapotea kama mhusika anavyopotea.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya kutaja dhamira yoyote, wanafunzi waulizwe: katika riwaya hii nani anamdhuru nani, na je, wawili hao wanakutana? Kwa Kuli jibu litapatikana mapema. Kwa Bina-Adamu! wapewe muda, kisha waeleze kwa nini kumpata P.P. kunahitaji safari nzima.