Viatu vya Askari: Namna ya Kuvichagua na Kuvitunza

Siku ya soko, penye marundo ya mitumba, mara nyingi huonekana jozi ya viatu virefu vyeusi, vya ngozi nene, vyenye matundu mengi ya kamba. Muuzaji huvipiga kofi na kusema: «Tazama, baba, hivi ni vya askari wa Ulaya. Utawaachia watoto wako urithi!» Baba avishika, aviona vizito, vyang'aa, havina alama ya kuvaliwa. Akumbuka njia ya matope aipitayo kila asubuhi kwenda kazini. Basi atoa fedha aliyoiweka akiba kwa miezi mingi, arudi nyumbani na furaha.

Wiki moja yapita. Siku ya nane, akiwa njiani, asikia kitu kinalegea chini ya mguu. Ainama na kutazama: soli yamong'onyoka kama mkate uliolowa, vipande vyabaki nyuma yake barabarani.

Je, nani alimdanganya? Huenda hakuna aliyemdanganya. Muuzaji alisema kweli: viatu vilikuwa vya askari, tena havikuvaliwa hata siku moja. Vilizeeka ndani ya sanduku. Hilo ndilo jambo ambalo mnunuzi apaswa kulielewa kabla ya kufungua mfuko wake, na ndilo tutakaloeleza leo.

Vyatoka wapi?

Kila jeshi hununua viatu vingi kuliko idadi ya miguu ya askari wake, maana haliwezi kungoja vita ianze ndipo litafute fundi. Viatu hukaa ghalani. Baada ya miaka, jeshi huchagua mtindo mpya, na vile vya zamani, vilivyovaliwa na visivyovaliwa, huuzwa kwa wafanyabiashara kwa bei ndogo. Baada ya Vita Kuu ya pili kwisha mwaka 1945, mali ya namna hiyo ilitapakaa katika nchi nyingi. Na biashara hiyo haijakoma hata leo.

Majeshi yalijifunza kwa uchungu kuvijali viatu. Katika Vita Kuu ya kwanza (1914-1918), askari walikaa siku nyingi katika mahandaki yenye maji ya baridi. Maelfu waliugua: miguu ilikufa ganzi, ikavimba, ikaoza, na wengine wakakatwa vidole. Wakuu wa jeshi la Uingereza wakaamuru kila askari abadili soksi kila siku na kupaka miguu yake mafuta ya nyangumi. Mwaka 1943 Wamarekani walitengeneza kiatu chenye bizimu mbili juu ya kifundo cha mguu, na upande wa ngozi unaokwaruza uligeuzwa nje. Hata hivyo, wakati wa baridi ya mwaka 1944 na 1945, makumi ya maelfu ya askari wao waliugua miguu huko Ulaya. Mwaka 1982, katika vita vya Visiwa vya Falkland, askari wa Uingereza nao walipata taabu ile ile, kwa kuwa viatu vyao vilikuwa vifupi na viliingiza maji.

Basi tusidhani ya kwamba jina la «kiatu cha askari» latosha kuukinga mguu. Kiatu kibaya, au kizuri kisichotunzwa, hakimwonei huruma askari wala mkulima.

Tazama soli kwanza

Mnunuzi asiye na ujuzi hutazama mng'ao wa ngozi. Mwenye ujuzi hukigeuza kiatu juu chini. Soli ni za namna tatu.

Ya kwanza ni soli iliyoshonwa. Utaona ukanda wa ngozi ukizunguka kando ya kiatu, na uzi mnene umepita ndani yake. Hii ni bora kwa mtu wa akiba, maana ikilika, fundi aweza kuitoa na kushona nyingine.

Ya pili ni soli ya raba iliyounganishwa na ngozi kwa moto mkali ndani ya kalibu. Hudumu sana, lakini ikiisha ni vigumu kuibadili. Ikunje kwa mikono miwili: ikipasuka mipasuko midogo, au ikiwa ngumu kama ubao, raba imekauka.

Ya tatu ndiyo iliyomponza baba yetu. Ni soli nyepesi ya poliyurethani, yaani namna ya plastiki yenye vitundu vidogo vya hewa ndani yake, kama sifongo. Ikiwa mpya ni laini na ya kupendeza. Lakini unyevu wa hewa huivunja kidogo kidogo kwa ndani, hata ikiwa kiatu kimelala sandukuni, na joto huharakisha kazi hiyo. Ibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ikinata, ikibaki na shimo, au ikitoa unga na makombo, irudishe rundoni, hata kama bei ni ya bure. Na ikiwa viatu vya namna hii vina umri wa miaka kumi au zaidi, usivinunue kwa sababu tu havijavaliwa.

Umri huo utaujuaje? Tafuta alama zilizopigwa ndani ya kiatu au kwenye ulimi wake. Katika viatu vingi vya jeshi la Marekani utakuta herufi DSA au DLA, kisha namba 100, kisha tarakimu mbili za mwaka. Kwa mfano, DLA100-85 maana yake ni mkataba wa mwaka 1985. Herufi DSA ni za zamani zaidi, kabla ya mwaka 1977.

Ngozi, mshono na kipimo

Baada ya soli, kunja ngozi pale vidole vinapojikunja. Mikunjo ya kawaida haina ubaya. Mpasuko haurudi nyuma, hata ukipakwa mafuta ya dunia nzima. Vuta mishono kwa kidole. Ingiza mkono ndani hadi mbele kabisa, usikie kama kuna msumari, shimo au unyevu. Kama viatu vimevaliwa, itazame soli ya ndani: mara nyingine mguu wa mwenye kiatu wa kwanza umejichora humo kama nyayo katika udongo. Ukiwa mguu wako si kama wake, kiatu hicho kitakutesa daima.

Kuhusu kipimo, majeshi kadhaa ya Ulaya huandika urefu wa mguu kwa milimita. Ukiona 270, ndiyo sentimita 27. Kwa hiyo, kabla ya kwenda sokoni, simama juu ya karatasi, mama achore mguu wako, mkaupime kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Kanunue saa za jioni, kwani wakati huo miguu imevimba kidogo baada ya kazi. Tena uvae soksi zile utakazozitumia. Mbele ya vidole pabaki nafasi ya upana wa kidole kimoja, na kisigino kisipande na kushuka unapotembea.

Fikiri pia juu ya nchi yako. Viatu vizito vya majeshi ya Ulaya vilifanywa kwa ajili ya baridi. Katika mabonde yetu yenye joto, mguu hupikwa ndani yake. Katika miaka ya 1960 Wamarekani waliokuwa vitani Vietnam walipewa viatu vya ngozi chini na kitambaa cha nailoni juu, vyenye vitundu viwili ubavuni. Waliovitengeneza walijua ya kwamba msituni maji yataingia tu. Basi waliyapa njia ya kutoka. Kwa anayevuka mito na mashamba yenye maji, viatu vya namna hiyo huenda vikafaa kuliko vile vinene.

Maonyo mawili

Wengi hufikiri ya kwamba kiatu cha askari chaweza kumkinga mchimba madini au mjenzi. Sivyo. Viatu vingi vya jeshi havina chuma mbele ya vidole. Jiwe likianguka, ngozi peke yake haitauokoa mguu. Kwa kazi hizo, tafuta viatu vilivyotengenezwa kwa ajili yake.

Tena, katika nchi nyingi sheria inamkataza raia kuvaa mavazi ya kijeshi. Usivae viatu hivi pamoja na suruali au kofia ya rangi ya jeshi. Kijana aliyetaka kujipamba tu aweza kukamatwa kama askari mtoro, au kupatwa na mabaya zaidi penye vita. Na mahali ambapo hata viatu vyenyewe huleta mashaka, heri uviache.

Matunzo

Umevileta nyumbani. Usivivae kesho yake. Toa kamba na soli za ndani, uvioshe vitu hivyo kwa sabuni. Pangusa ngozi ndani na nje kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Ukiona ukungu mweupe, uondoe kwa brashi nje ya nyumba, kisha upanguse kwa siki iliyochanganywa na maji. Halafu acha viatu vikauke kivulini, penye upepo.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu mali yao. Baba arudi amelowa, naye aviweka viatu karibu na moto ili vikauke upesi. Lakini ngozi iliyolowa haivumilii moto: hujikunyata, hukakamaa, kisha hupasuka. Jua kali la mchana nalo si rafiki yake. Jaza ndani karatasi za magazeti makuukuu, uzibadili zinapolowa. Kama vyahitaji siku mbili, vipe siku mbili. Haraka haraka haina baraka.

Vikikauka, vipake mafuta ya ngozi, yale mazito yenye nta. Chukua kidogo kwa kitambaa, upake utando mwembamba, ukikazia kwenye mishono na mikunjo. Acha usiku mmoja, kisha sugua kwa brashi. Usipake kwa wingi, kwani ngozi inayozidiwa mafuta hulegea na haishiki tena kifundo cha mguu. Mafuta ya kupikia hayafai: huchacha, hunuka, na kuita mende na panya. Rangi ya viatu hupamba uso, lakini rangi peke yake haitoshi kuilisha ngozi iliyokauka.

Ukiweza, uwe na jozi mbili za viatu, uvae hizi leo na zile kesho, ili jasho lipate kukauka. Soksi zifuliwe kila siku. Kuvu wa miguu, wale wanaowasha na kupasua ngozi kati ya vidole, hupenda kiatu chenye unyevu kuliko mahali pengine popote. Mwenye ugonjwa wa kisukari atazame miguu yake kila jioni na kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, maana jeraha dogo asilolisikia laweza kumletea kukatwa mguu.

Gharama ya kweli

Hebu tufanye hesabu pamoja. Aliyenunua viatu vya bei ndogo mara tatu kwa mwaka ametoa fedha mara tatu. Aliyenunua jozi moja yenye soli ya kushonwa, akanunua pia kopo la mafuta na brashi, ametoa fedha nyingi zaidi siku ya kwanza. Lakini mwaka wa pili atamlipa fundi soli tu. Kwa hiyo, unapohesabu bei sokoni, weka kando mapema fedha ya mafuta na ya fundi. Isipopatikana, ungoja soko lijalo.

Na jioni ya Jumamosi, waite watoto wakae nawe mlangoni, kila mmoja na kitambaa chake. Wafundishe kupangusa, kupaka kidogo, kusubiri. Viatu huisha siku moja. Lakini mtoto aliyejifunza kutunza kitu cha baba yake atajua kutunza jembe, baiskeli na nyumba yake mwenyewe.