Mafuta ya transfoma si ya kukaangia chipsi

Huenda umewahi kusimama jioni kwenye kibanda karibu na stendi ya magari mjini Meru au Embu, ukisubiri kupimiwa chipsi moto. Uliangalia viazi, ukauliza bei. Je, ulijiuliza mafuta yale yanayochemka yametoka wapi?

Swali hili halikusudiwi kuwaharibia wauzaji chipsi biashara yao, kwani wengi hununua mafuta halali dukani. Linaulizwa kwa sababu kwa miaka mingi wezi nchini Kenya wamekuwa wakipanda nguzo za stima usiku, wakifungua transfoma na kukinga mafuta yaliyomo. Mwaka 2014 vyombo vya habari viliripoti kwamba baadhi ya mafuta hayo yaliuzwa kwa wakaangaji wa vyakula, kwa kuwa ni ya bei nafuu na hudumu motoni kuliko mafuta ya kupikia. Mengine huishia katika mashine za kuchomelea vyuma.

Wizi huu hudhuru afya mara mbili: kwanza kwa yule anayekula mafuta hayo, pili kwa mgonjwa aliye hospitalini.

MAFUTA HAYA YANA NINI?

Transfoma ni lile sanduku la chuma lililo juu ya nguzo, linalopunguza nguvu za umeme ili uweze kutumika nyumbani. Mafuta yaliyomo hupoza nyaya za ndani na kuzuia umeme usiruke kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kwa kawaida hutokana na mafuta ya petroli, na hayakusafishwa ili yaliwe.

Isitoshe, baadhi ya transfoma za zamani zilitiwa kemikali ziitwazo PCB. Kemikali hizi hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi, na mama anaweza kumpitishia mtoto akiwa tumboni au anaponyonya. Hudhuru ini, ngozi na homoni, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limethibitisha kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulipiga marufuku utengenezaji wake.

Usidhani kwamba moto wa karai utaziua. Joto la kukaangia haliziharibu, na zikipashwa moto huweza kutoa sumu kali zaidi. Huko Japan, mwaka 1968, PCB zilivuja kutoka katika mabomba ya kiwanda na kuingia katika mafuta ya kupikia yaliyokamuliwa kutoka kwa pumba za mpunga. Zaidi ya watu 1,000 waliugua. Walitokwa na vipele vibaya na macho yao yakatoa uchafu. Baadhi ya akina mama walizaa watoto wenye ngozi iliyobadilika rangi.

Kwa macho huwezi kujua kama transfoma iliyoibiwa mafuta ilikuwa na PCB au la, wala ulimi hautakuambia.

STIMA IKIKATIKA ZAHANATINI

Transfoma iliyokaushwa mafuta hupata joto kupita kiasi na kuungua. Mtaa mzima huingia gizani, na iwapo zahanati iko kwenye laini hiyo, nayo huzimikiwa.

Chanjo nyingi za watoto zinapaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Friji isipofunguliwa huhifadhi baridi kwa muda, lakini stima isiporudi wala hakuna chombo kingine cha baridi, chanjo hizo huharibika. Mashine ya kutengeneza hewa ya oksijeni huzimika papo hapo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoteza joto la mashine yake. Hospitali kubwa za Meru na Embu zinaweza kuwasha jenereta, lakini zahanati ndogo ya kijijini huenda isiwe nayo.

ULINZI NI WA NANI?

Wakazi wa Embu wanaishi jirani na mitambo ya umeme ya mto Tana. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yako upande huo. Mnamo Januari 11, 2022, nguzo za chuma za laini kubwa inayotoka Kiambere hadi Embakasi zilianguka, na nchi nzima ikakosa stima. Kampuni ya Kenya Power ilisema vyuma vya kushikilia nguzo hizo vilikuwa vimeibiwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu, kisha ikaruhusiwa tena mwaka huohuo chini ya masharti.

Hatua hiyo ilionyesha jambo moja muhimu: mwizi wa chuma au mafuta hana faida bila mnunuzi. Polisi wa utawala wana kikosi maalumu cha kulinda miundombinu muhimu, lakini hakiwezi kuweka askari chini ya kila transfoma kutoka Maua hadi Siakago. Kenya Power yenyewe ni ya serikali na ya watu binafsi wenye hisa. Sheria ya vyuma vikuukuu ya mwaka 2015 nayo inawataka wafanyabiashara wawe na leseni. Kwa hivyo serikali hutoa sheria na askari, kampuni hukagua mitambo yake, nao wenye vibanda, karakana na maduka ya vyuma hukataa kununua mali ya wizi. Mmoja akilegea, kazi ya wengine huwa bure.

WEWE UFANYE NINI?

Kama unauza chakula, nunua mafuta yaliyofungwa vizuri na yenye alama ya ubora ya KEBS. Ukiletewa mafuta ya bei rahisi katika mtungi usio na jina, kataa.

Kama wewe ni mnunuzi, usione haya kuuliza mafuta yametoka wapi. Ukiwa na shaka, mwarifu afisa wa afya ya umma wa kaunti yako. Yeye ana uwezo wa kuchukua sampuli ipimwe.

Ukiona mtu akipanda nguzo ya transfoma usiku bila gari wala sare za kampuni, pigia polisi, chifu au ofisi ya Kenya Power iliyo karibu. Usimkaribie, na usiguse waya ulioanguka.

Mtu akinywa mafuta haya, usimlazimishe kutapika, kwani yanaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Mpeleke hospitalini mara moja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kibanda kinachokataa mtungi mmoja wa mafuta ya wizi leo huenda kikaokoa chanjo ya mtoto kesho.