Nambari ya Majani ni ya Nani?

Katika vituo vya kununulia majani chai kwenye miinuko iliyo juu ya mji wa Kanja, Kenya, wengi wanaofika na vikapu mgongoni ni akina mama. Karani anapima, mashine inatoa risiti, na risiti ina nambari ya mkulima. Mara nyingi nambari hiyo si ya aliyechuma, ni ya mumewe, kwa sababu shamba liko kwa jina lake. Malipo ya mwezi na bonasi huingia kwenye akaunti hiyo hiyo ya bwana.

Uzee wa mwanamke na wa mwanamume huanza kuachana hapo, mvi zikiwa bado mbali. Pensheni ikitajwa, tunamfikiria mwalimu aliyestaafu na miaka 60. Wazee wengi wa vijijini hawakuwahi kuajiriwa. Pensheni yao ni michai, kahawa, ng'ombe wa maziwa na hati ya shamba. Mpango wa Swynnerton wa serikali ya kikoloni wa 1954 ulileta kuunganisha vipande vya ardhi na kuvisajili, na kwa kawaida aliyeandikwa alikuwa mwanamume mwenye boma. Mke alihesabiwa kuwa ndani ya jina hilo.

Sensa ya 2019 ilikadiria kwamba mwanamume Mkenya huishi miaka 60.6 na mwanamke 66.5. Tena wake wengi ni wadogo kuliko waume zao, kwa hiyo ujane mrefu ni jambo la kupangia. Bwana akifariki, benki husimamisha akaunti. Majani hayangoji, lakini pesa zitangoja mirathi: barua ya chifu, ombi mahakamani, tangazo la siku 30 katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha kwa kawaida miezi 6 kabla ya mgao kuthibitishwa. Shemeji mmoja akipinga, hesabu miaka.

Hata mambo yakienda sawa, kama bwana hakuacha wosia, kifungu cha 35 cha Sheria ya Urithi humpa mjane mwenye watoto vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa. Mali iliyobaki ni ya kutumia tu maisha yake yote. Akitaka kuuza robo ekari apate pesa za matibabu, sharti mahakama ikubali, hata watoto wazima wakiridhia. Kifungu hicho kilisema pia kwamba haki yake ikome akiolewa tena. Mwanamume aliyefiwa na mke hakuwekewa sharti hilo.

“Lakini tuna chama,” wengi hunijibu. Chama cha kuchangiana nakiheshimu, kimesomesha watoto na kununua matangi. Ila pesa zake huzunguka, na anayepokea ni yule anayechanga. Cucu (nyanya) wa miaka 80 asiye na cha kuchanga hana zamu.

Inua Jamii, mpango wa serikali uliofunguliwa 2018 kwa waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni, hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kama shilingi 67 kwa siku, hazitoshi hata dawa za presha na unga. Hata hivyo, pesa hizo zinakuja kwa jina la cucu mwenyewe.

Walioajiriwa nao wana pengo lao. Mfanyakazi wa shilingi 15,000 hukatwa 900 za mfuko wa pensheni wa NSSF na mwajiri huongeza 900. Mama akiacha kazi miaka 5 alee watoto, shilingi 108,000 hazikuwekwa, mbali na faida ambayo zingezaa hadi anastaafu. Anaweza kuchangia mwenyewe kwa hiari, lakini nani humpa pesa hizo?

Kwa walio na maelewano nyumbani, njia fupi ni mke kuandikwa kwenye hati bwana akiwa hai. Mwambieni wakili mnataka umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa, shamba linabaki kwa mwenzake bila kesi ya mirathi. Ule wa hisa zilizogawanywa haufanyi hivyo. Hisa ya marehemu hurudi mahakamani. Bodi ya ardhi itawaita nyote wawili. Mkitoka huko, piteni kiwandani mkaulize utaratibu wa mama kupata nambari yake ya majani.