Kuli Asiye wa Bandarini

Neno kuli kwetu Mombasa halihitaji kufasiriwa. Kuli ni yule mtu wa bandarini mwenye gunia begani, ambaye jasho lake ndilo lililoshusha shehena za meli tangu zama za babu zetu. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba amenunua makuli sita na kuwatia ndani ya tangi la kioo sebuleni kwake, una haki ya kumtazama mara mbili.

Kuli huyo ni samaki, na jina lake lilitokana na mtu. Heinrich Kuhl, Mjerumani aliyezaliwa mjini Hanau mwaka 1797, alikuwa mtaalamu wa wanyama. Waholanzi walimpeleka Java pamoja na rafiki yake, Johan van Hasselt, wakakusanye viumbe vya huko, nao wakafika mwishoni mwa mwaka 1820. Kuhl hakudumu. Maradhi yalimwondoa Septemba 1821 katika mji wa Buitenzorg, ambao leo ni Bogor, hata miaka 24 hajaitimiza. Van Hasselt naye akamfuata mwaka 1823. Mwaka 1846 Mfaransa Achille Valenciennes alipomwandika samaki huyu vitabuni, alimpa jina la marehemu, na leo wataalamu humwita Pangio kuhlii. Wafugaji wa samaki wa mapambo humwita kuhli tu, na likipita kwenye ulimi wetu hapa pwani, likawa kuli, hakuna la ajabu.

Umbo lake ni la mkunga mdogo. Urefu ni sentimita 8 hadi 10, unene ni wa penseli, rangi ni ya manjano iliyochanganyika na uwaridi, na mapande meusi yamempitia mgongoni hadi ubavuni kama vikuku visivyofunga. Mdomoni ana vindevu vya kupapasia. Chini ya kila jicho ana mwiba mdogo anaouinua akishikwa, na mwiba huo hunasa katika wavu; ndiyo sababu mwenye busara humtega kwa kikombe. Wengi wanaouzwa madukani, kwa hakika, ni nduguye, Pangio semicincta, wa Rasi ya Malaya, Sumatra na Borneo, lakini malezi yao ni mamoja.

Sasa tuje kwenye dhuluma anayofanyiwa. Kwa kuwa hukaa chini kabisa ya tangi na kupitisha pua mchangani usiku kucha, watu wamemgeuza kuli kweli kweli. Mwenye duka humuuza kwa maneno haya: mchukue mmoja, atakusafishia tangi. Naye mnunuzi, mwenye samaki wake wa rangi rangi wanaoogelea juu, humtia huyo mmoja ale mabaki na uchafu, kisha humsahau. Si kweli kwamba samaki huyu hula uchafu. Mavi ya samaki wenzake hayali, wala ukungu wa kijani uliogandia kioo haukwanguli. Chakula chake huko kwao ni viluwiluwi vya wadudu na vijidudu vingine vya majini anavyovichuja mchangani: huufumbata mchanga kinywani, akameza kilicho chakula, na mchanga akautoa kwa matamvua. Katika tangi ambalo samaki wa juu wamedaka kila punje kabla haijazama, huyu wa chini hufa njaa polepole, na kwa kuwa mchana haonekani, hapana ajuaye. Waislamu tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Sioni kwa nini kioo kiwe na hukumu nyingine.

Kumlisha si kazi ngumu, mradi ujue saa zake. Zima taa ya tangi kwanza, ungoje samaki wengine watulie, kisha tia vidonge vinavyozama, au viluwiluwi vya mbu kutoka maji safi, au nyungunyungu aliyekatwa vipande vidogo vidogo. Ukitazama kwa mwanga hafifu utawaona wakitoka mmoja mmoja chini ya magogo, vindevu mbele, kama watu wanaotafuta shilingi iliyoanguka gizani.

Nao wasipungue sita. Kuli mmoja hujificha siku zote na ni kama hukufuga kitu, lakini wakiwa kundi hupata ushujaa, hulala wamerundikana ndani ya kipande cha bomba au chini ya jiwe, na jioni hutoka hata taa ikiwa bado inawaka. Tangi la lita 80 hivi latosha kwa kuanzia. Chini pawe na mchanga laini. Kokoto zenye makali, ambazo wengi huzipenda kwa sababu ya rangi zake, humchuna tumbo na kumkata vindevu. Magamba yake ni madogo mno, hayana kinga ya maana. Kwa sababu hiyo hiyo dawa za samaki humdhuru upesi, hasa zile zenye shaba. Samaki wengine wakiugua, mhamishe mgonjwa umtibu katika chombo cha peke yake, usimimine dawa juu ya vichwa vya wote.

Jirani zake wawe wadogo na wapole. Rasbora wa huko huko Asia wanapatana naye vizuri, kwani wao hukaa katikati ya maji naye hukaa chini, hakuna anayemghasi mwenzake. Lakini wale wakubwa wa jamii ya perege humwona mnyoo, wakammeza.

Mlango wa chujio uzibwe kwa sponji, maana popote panapopita kidole chake cha mwili atapita, na tangi lifunikwe kila upenyo. Huyu ni bingwa wa kutoroka. Kwa upande mwingine, usimhukumu haraka kuwa amekufa au ametoroka. Huweza kukaa chini ya mchanga siku nyingi asionekane, na mwenye pupa ya kung'oa mimea na kupindua mawe ili awahesabu ndiye anayewatia hofu wasitoke tena.

Maji ayapendayo ni laini, yenye uchachu kidogo, na joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Joto hilo kwetu pwani halina gharama. Shida ni wakati wa kaskazi, tangi likiwekwa dirishani likapigwa na jua. Kwao maji yana rangi ya chai ya mkandaa, kwa majani na mizizi iliyoloweka humo. Wafugaji wa Ulaya huiga rangi hiyo kwa kununua majani makavu ya mti ambao Wamalei huuita ketapang, nao huuziwa kwa kuhesabiwa jani moja moja. Ketapang ni mkungu! Ni huu mkungu wetu wa uani, ambao watoto huponda kungu zake na kina mama hulalamika kila asubuhi kwa kufagia majani yake. Chagua lililokauka na kuanguka lenyewe, mbali na barabara na dawa za wadudu, lioshe, ulitie. Kuli watalala chini yake.

Samaki hawa wengi bado huvuliwa porini, katika vijito na misitu ya kinamasi, ambako majani yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka yamekuwa mboji yenye kina cha mita kadhaa. Mwaka 1995 serikali ya Rais Suharto wa Indonesia ilianzisha mradi wa kugeuza karibu hekta milioni moja za Kalimantan ya Kati, upande wa Borneo, kuwa mashamba ya mpunga. Mifereji ikachimbwa, maji yakatoka, mboji ikakauka. Mwaka 1997 moto ulipoingia haukuzimika, kwani uliwaka chini ya ardhi, na moshi wake ukafunika hadi Singapore na Malaysia. Mpunga wenyewe haukusitawi. Mwaka 2015 moto mkubwa ukarudi. Kwa hivyo yule anayeuzwa kwa bei ya soda ametoka mahali ambapo kupata mwingine si jambo la kutegemewa sikuzote, naye akitunzwa huishi miaka 10.

Kumzalisha nyumbani si rahisi, ila hutokea pasipo mtu kukusudia. Jike likiwa tayari, mayai ya rangi ya kijani huonekana kupitia ngozi ya tumbo lake, kisha huyataga katika mizizi ya mimea inayoelea. Wengi yanaliwa na majirani. Watoto wanaosalimika huingia penye giza na makombo, na mahali hapo aghalabu ni ndani ya chujio. Basi siku ya kulisafisha, yale maji machafu usiyamwage shimoni papo hapo. Yaache ndooni yatulie, kisha uyamulike kwa tochi.