Nani Kaingia Wapi? Istilahi za Seli za Kinga na Tezi za Limfu katika Saratani ya Matiti

Ripoti ya patholojia ya saratani ya matiti yaweza kueleza safari mbili: ya seli za kinga kuingia katika uvimbe, na ya seli za saratani kutoka katika uvimbe hadi tezi za limfu za kwapani. Mfasiri anayetumia kitenzi *kupenya* kwa zote mbili humwachia mgonjwa kazi ya kukisia nani kaingia wapi.

Tofauti hiyo ina uzito wa kitiba. Katika saratani isiyo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2, wingi wa limfosaiti ndani ya uvimbe kwa kawaida huambatana na matokeo bora ya tiba. Penye vipokezi vya homoni, uhusiano huo hauko wazi kiasi hicho. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2014 huzipima kwa asilimia ya eneo la tishu unganishi ya uvimbe linalokaliwa na seli hizo. Kwenye tezi huhesabiwa zile zilizofikiwa na saratani: 1 hadi 3, 4 hadi 9, au 10 na zaidi. Asilimia kubwa yaweza kuwa habari njema. Idadi kubwa ya tezi, kamwe.

*Kujipenyeza* nako kuna walakini, kwa kuwa humfanya msikilizaji afikirie jasusi. Kwa seli za kinga, *kuingia* kwatosha. *Kuvamia* kuachiwe saratani.

Neno *tezi* lina mzigo mzito zaidi. Titi lenyewe lina tezi za maziwa, na wanaume wana tezi dume. Mgonjwa akiambiwa tu kuwa "saratani imefika kwenye tezi", ana haki ya kudhani kwamba haijatoka kwenye titi. *Mtoki*, neno la wenyeji lenye mvuto, hutaja uvimbe, si kiungo: tezi ya limfu yaweza kuvimba kwa maambukizi tu, au kubeba saratani bila kuvimba. Sitiari ya askari pia hukwama hapa, maana tezi ya limfu ndiyo kambi yao, na ndiko saratani hutangulia kufika.

Sentensi ya mfano kwa miongozo ya hospitali yaweza kuwa hivi: "Seli za kinga zimeingia kwa wingi katika uvimbe. Seli za saratani zimeonekana katika tezi 2 za limfu za kwapani, kati ya 12 zilizochunguzwa."